Mvuke Ulikuwa wa Uzi

Winta ikiingia Minnesota, Wakenya wengi wa huko huwasha mashine ya kuongeza unyevu chumbani. Sababu ni rahisi. Hewa ya digrii 0 haibebi zaidi ya gramu 5 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Hita ikiipasha hadi digrii 20, hewa hiyo sasa ina nafasi ya gramu 17, lakini maji ni yaleyale. Inabaki kavu, na midomo na koo ndizo zinalipa.

Nilipofuatilia historia ya mvuke huu, nilijipata viwandani. Lancashire, Uingereza, karne ya 19: pamba ikikauka, uzi unakatika, na uzi ukikatika tajiri anapoteza pesa. Basi vyumba vya kufumia vikajazwa mvuke. Wafumaji walishinda humo wakilowa, halafu jioni wanatoka kwa baridi na nguo mbichi. Walipiga kelele hadi 1889 Bunge likaweka kikomo cha unyevu. Kikomo tu, mvuke wenyewe ukaendelea.

Hata hiyo AC tunayoisifu, jina lake lilibuniwa 1906 na Stuart Cramer, injinia wa viwanda vya nguo North Carolina. Shida yake? Uzi pia. Alitaka kuilowesha hewa.

Kwa hivyo kitu kidogo kinachopuliza mvuke kando ya kitanda si kidogo hivyo. Unyevu ni uleule, ila sasa swichi iko kwa mkono wa anayepumua.