Lampe ya kubadilisha: historia ndogo ya redio za kujitengenezea



Watu wa Kazimia tunajua ziwa ni njia, tena ni ukuta. Tarehe 24 Aprili 1965 Che Guevara alivuka usiku kutoka Kigoma, akashukia Kibamba, pwani yetu hii hii ya Fizi. Tarehe 21 Novemba mwaka huohuo akavuka kurudi. Ile miezi saba vitabu vinaisimulia kwa bunduki. Mimi leo nataka tuitazame kwa upande wa redio: mwenye mtambo alisema na Kigoma siku ileile, asiyekuwa nao alingoja mtumbwi.

Sasa, mtambo mdogo wa kurusha sauti za Morse ni nini? Kumbe ni vitu vichache: kristali ya kushika masafa, koili, kapasita, kitufe cha kugonga, na lampe moja. Hapa kwetu tunafuata Kifaransa tunasema lampe. Wenzetu wa ng'ambo wanasema vali. Ndiyo moyo wa mtambo, na ndiyo inayokufa kwanza. Ikifa na dukani haipo, unafanyaje?

Swali hilo lilijibiwa wakati wa vita ya pili ya dunia. Waingereza walitengeneza redio ndogo ya wapelelezi, Paraset, ikapelekwa kwa siri katika nchi zilizokaliwa na Wajerumani, Ubelgiji ikiwa mojawapo. Upande wa kurusha ulikuwa na lampe moja tu, 6V6, na nguvu yake ilikuwa wati 5 hivi. Hiyo 6V6 ilikuwa lampe ya kawaida, ileile iliyosukuma spika katika redio za nyumbani. Yaani kipuri kilikuwa sebuleni kwa watu.

Vita ilipoisha mwaka 1945, Marekani ilibaki na vifaa vingi vya jeshi, vikauzwa bei ya chini. Redio za ndege zilikuwa na lampe inayoitwa 1625. Wapenzi wa redio waliotaka lampe maarufu ya 807 waliona 1625 ni ndugu yake wa damu: kazi ileile, nguvu ileile. Tofauti ni kwamba 807 hula volti 6.3 kwenye hita, 1625 hula volti 12.6, na miguu yake ni saba badala ya mitano. Juu ya nini 12.6? Kwa sababu umeme wa ndege ulikuwa volti 24 hadi 28, na hita mbili zikipangwa kwa mfuatano zinautosha. Basi walibadilisha soketi na umeme wa hita, wakaendelea kusema na dunia.

Hapo ndipo funzo lenyewe lilipo. Lampe ya kubadilisha haichaguliwi kwa sura. Inachaguliwa kwa kuuliza maswali manne, tena kwa utaratibu huu.

Kwanza, hita inakula volti ngapi? Jina lenyewe linasema. Kwa Wamarekani tarakimu ya kwanza ni volti: 6V6 ni 6.3, 12 ni 12.6. Kwa Wazungu wa Ulaya ni herufi ya kwanza: E ni volti 6.3, D ni 1.4, na U ni hita za kupangwa kwa mfuatano kwa ampea 0.1. EL84 na UL84 zinafanana kama mapacha, lakini UL84 inataka volti 45. Ukiiweka pahali pa EL84, itakaa baridi tu.

Pili, inakula ampea ngapi? 6L6 inaingia katika soketi ya 6V6 bila shida, miguu ni ileile. Lakini 6V6 inakula ampea 0.45, na 6L6 inakula 0.9, mara mbili kamili. Transfoma ndogo itachemka, na baadaye itaungua.

Tatu, inabeba mzigo gani? Anodi ya 6V6 huvumilia wati 12, ya 6L6 wati 19. Kwa hiyo kuweka 6V6 pahali pa 6L6 ni lazima upunguze volti za anodi.

Nne, miguu imepangwaje? EL84 ina miguu tisa midogo, haiingii kwa soketi ya 6V6. Inabidi ubadilishe soketi na nyaya. Na lampe yoyote mpya ikiingia, unazungusha kapasita upya mpaka mtambo ukae sawa.

Tena tahadhari mbili. Volti 300 zinaua, hata baada ya kuzima, kwa sababu kapasita inazishika: iondolee umeme kwanza. Na kurusha kunataka ruhusa ya serikali. Alama za wapenzi wa redio wa Kongo huanza na 9Q. Katika eneo la vita kama letu, mtambo usio na kibali unaweza kukuletea mashaka mazito.

Mtaniuliza, faida yake nini wakati kila mtu ana simu? Antena ya simu ikizimwa, kijiji chote kinanyamaza. Masafa ya megahezi 7 hayahitaji antena ya kampuni: waya wa mita 20 unatosha, na sauti inapanda juu na kushuka nyuma ya milima. Lakini mtambo huo ukiharibika Kazimia, hakuna fundi wa kuja kutoka mbali. Atakayeurudisha ni yule anayejua kusoma lampe na kusema: hii haipo, lakini ile itafaa.

Wanafunzi wa elektroniki, tafuteni redio za zamani za wazee kabla hazijatupwa. Zifungueni, mwandike namba za lampe zake, mzilete hapa tuzichambue pamoja.