Kupakua kwa otomatiki kutoka makundi ya habari: zana za anayeanza

Shemeji yangu huendesha trela kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba, na mwezi uliopita nilimsindikiza. Tulilala Salgaa, kile kituo cha malori ukishatoka Nakuru kuelekea Eldoret. Mtu wa pwani akishuka pale hupokewa na baridi kwanza, ndipo salamu zifuate. Kando ya hoteli tuliyokula palikuwa na kibanda cha kijana anayejaza flashi na memori kadi: filamu, muziki, mawaidha, chochote dereva akitakacho. Wateja walikuwa wengi. Njia ni ndefu, na kabini isiyo na sauti ya mtu huleta usingizi.

Kijana aliposikia kwamba nina diploma ya kompyuta, aliniwahi na swali. Amesikia kuna watu ambao kompyuta zao hupakua zenyewe usiku kucha kutoka mahali paitwapo Usenet. Je, anayeanza anahitaji zana gani? Nilikaa naye hadi saa sita usiku. Kwa kuwa nimeshaulizwa swali hilo hilo Mombasa na Malindi pia, nayaweka hapa niliyomweleza, pamoja na jambo moja ambalo sikukusudia kulisema.

Makundi ya habari ni nini

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ikaanza kutumika 1980, kabla ya wavuti tunaoujua kuzaliwa. Ifikirie kama baraza nyingi zilizounganishwa. Mtu huandika ujumbe katika kundi lenye mada yake. Seva yake huupeleka kwa seva jirani, na jirani naye kwa jirani yake, mpaka ujumbe umeenea dunia nzima. Hakuna mwenye mji. Kwa mazungumzo ya Waafrika lilikuwapo kundi la soc.culture.african.

Makundi hayo ni ya aina mbili. Yako ya mazungumzo, na yako ya kubeba faili, ambayo majina yake huanza na alt.binaries. Mtandao huu ulijengwa kwa ajili ya maandishi, kwa hiyo faili kubwa hukatwa vipande maelfu na kila kipande hutumwa kama ujumbe. Kuviokota vipande hivyo kwa mkono ni sawa na kuokota mchele uliomwagika mchangani. Ndiyo sababu zikatungwa programu za kufanya kazi hiyo.

Zana sita

1. Akaunti ya seva. Hii ndiyo ya kulipia. Makampuni huuza kwa njia mbili: ada ya kila mwezi, au fungu la gigabaiti unalonunua mara moja ukalitumia polepole. Kwa anayeanza huku kwetu, fungu ni bora, maana hulipii siku ambazo intaneti haipo. Tazama pia muda ambao kampuni huhifadhi ujumbe, na utumie mlango namba 563, ambao mawasiliano yake yamefichwa, badala ya 119 ulio wazi. Ukitaka mazungumzo tu, Eternal September hutoa akaunti bure, na programu ya Thunderbird inatosha kuyasoma. Google iliacha kupokea ujumbe mpya wa Usenet tarehe 22 Februari 2024, basi usihangaike kupita huko.

2. Faharasa na faili ya NZB. Faharasa ni tovuti inayoorodhesha kilichomo ndani ya makundi. Ukichagua kitu, hupewi kitu chenyewe, unapewa faili ndogo ya NZB inayosema vipande viko wapi. Ni kama karatasi ya sokoni anayopewa mtoto akienda Marikiti: imeandikwa nazi, bizari na vitunguu, lakini yenyewe hailiki.

3. Mpakuaji. Huyu ndiye mtoto anayetumwa. Wawili wanajulikana, SABnzbd na NZBGet, wote bure. SABnzbd ndiyo nimpayo anayeanza: ukishaiweka unaifungua kwa kivinjari chako, kwa kawaida kwenye mlango 8080, nayo inakuuliza maswali machache tu. NZBGet ni nyepesi na hufaa kompyuta kongwe. Mwanzilishi wake aliiacha mwaka 2022, wengine wakaipokea, kwa hiyo hakikisha unachukua toleo jipya la hao wengine.

4. Mkarabati. Vipande hupotea njiani. Ndipo zinapofaa faili za par2, ambazo ni vipande vya ziada vilivyokokotolewa kwa hesabu. Vikipotea vitano na wewe una vitano vya ziada, vyovyote viwe, faili hurudi nzima kama ilivyokuwa. SABnzbd hufanya ukarabati na kufungua vifurushi yenyewe. Lako ni kutofuta faili hizo kwa kudhani ni takataka.

5. Wasimamizi. Hapa ndipo otomatiki inapoanza hasa. Sonarr, iliyoitwa zamani NzbDrone, husimamia tamthilia, Radarr filamu, Lidarr muziki. Unaiambia unachofuatilia, nayo huchungulia faharasa, hutuma NZB kwa mpakuaji, kisha hulipa faili jina zuri na kuliweka kwenye folda yake. Prowlarr huzikusanya faharasa zako pahali pamoja ili usirudie kuzijaza katika kila programu. Milango yao ya kawaida ni 8989 kwa Sonarr, 7878 kwa Radarr, 8686 kwa Lidarr na 9696 kwa Prowlarr. Iliyokuwa ya vitabu, Readarr, ilisitishwa mwaka 2025. Ukikuta mwongozo wa zamani unaisifu, ipite.

6. Mchezaji. Kwa simu au laptopu, VLC inatosha. Kwa nyumba yenye watu wengi na televisheni, Jellyfin huigeuza kompyuta yako kuwa maktaba ya wote. Zote mbili ni bure.

Utaratibu wa kuanza

Usiweke zote siku moja. Wengi huanza na Sonarr kwa sababu ndiyo yenye sura nzuri, kisha hukwama wasijue kosa liko wapi. Anza na akaunti na SABnzbd. Pakua kitu kidogo kwa mkono, uone kimefika na kimefunguka. Kikifanikiwa, ongeza Prowlarr, kisha msimamizi mmoja tu.

Kosa nililolikuta mara nyingi zaidi ni la folda. Mpakuaji awe na folda yake ya kazi, na maktaba iwe na yake, na msimamizi aruhusiwe kuingia zote mbili. Ukizichanganya, programu moja huhamisha faili huku nyingine bado inalifungua, na wewe asubuhi unakuta nusu ya kitu. Jambo jingine: milango niliyoitaja ibaki ndani ya nyumba yako. Usiifungue kwa dunia nzima kupitia rauta bila nenosiri.

Hesabu ya bando

Kabla ya kutoa shilingi, piga hesabu. Faili la gigabaiti 1.5 kwenye mtandao wa megabiti 5 kwa sekunde huchukua kama dakika 40, mtandao usipoyumba. Mawaidha ya saa moja, sauti tupu ya kilobiti 64, ni kama megabaiti 29 tu. Kadi ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya saa 1,000 za namna hiyo. Dereva wa Malaba hazimalizi kwa safari kadhaa. SABnzbd ina ratiba na kikomo: iambie ianze saa sita usiku, ikome alfajiri, na isipite gigabaiti ulizopanga kwa mwezi. Ukisahau kuweka kikomo, kitambaa kizima kitakwisha kwa kushona kofia moja.

Haki ya mtu

Tulipofika hapo kijana alifurahi, akataka kunionyesha spika yake mpya. Akafungua folda iliyoandikwa Taarabu, akabonyeza wimbo. Sikungoja mwimbaji aingie. Fidla ile naijua. Nimelala nikiisikia ukumbini kwetu. Marehemu mjomba wangu aliipiga katika kikundi kimoja cha Mombasa kwa miaka mingi, na alipougua mwisho tulichangishana mtaani ili apate dawa. Folda ile inauzwa shilingi 50.

Nikamwambia kijana yule mpigaji ni nani kwangu. Alipunguza sauti ya spika. "Ustadh," akasema, "mimi nilidhani hizi ni za zamani, hazina mwenyewe."

"Zina mwenyewe, mwanangu," nikamjibu. "Mjane wake yuko Majengo."

Shemeji alikuwa ameketi nyuma yetu na kikombe cha chai. Akasema polepole kwamba folda hiyo anayo kwenye lori, aliinunua hapo hapo mwaka juzi. Nami sikuwa na kifua cha kumlaumu mtu, kwani nilikumbuka kilichomo kwenye laptopu yangu mwenyewe.

Basi hili ndilo jambo ambalo miongozo mingi ya zana hizi hulipitia mbio. Programu nilizozitaja ni halali. Mtoto anayetumwa sokoni hana kosa. Lakini sehemu kubwa ya filamu na muziki uliomo katika makundi ya alt.binaries umewekwa bila idhini ya wenyewe. Newzbin, tovuti iliyobuni faili ya NZB, ilishtakiwa na makampuni ya filamu na kushindwa katika Mahakama Kuu ya Uingereza mwaka 2010. Mwaka 2011 kampuni ya simu ya BT ikaamriwa kuifungia njia tovuti iliyoirithi. Kwetu Kenya ipo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na msimamizi wake ni bodi ya KECOBO. Kwa muziki na maandishi, haki hudumu uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuuza nakala bila idhini ni kosa. "Ya zamani" si hoja, labda uwe umehesabu miaka.

Vya halali vya kupakua ni vingi kuliko muda wa kuvisikiliza. Internet Archive, iliyoanzishwa 1996, ina rekodi na filamu nyingi ambazo muda wa haki zake umekwisha, ila soma maelezo ya kila moja. LibriVox, tangu 2005, husoma kwa sauti vitabu visivyo na hakimiliki tena. Na wako wahadhiri na watangazaji wengi wanaoweka vipindi vyao wazi na kusema visambazwe. Kwa vipindi hivyo huhitaji hata Usenet: programu ya gPodder kwenye kompyuta, au AntennaPod kwenye simu, huvifuata na kuvipakua kila vinapotoka. Nayo hiyo ni otomatiki, tena bila ada ya seva.

Usiku ule tuliweka gPodder kwenye mashine ya kijana. Tuliijaza vipindi ambavyo wenyewe wameruhusu, tukaacha ianze kupakua, tukaenda kulala. Asubuhi shemeji alikuwa mteja wa kwanza. Alilipa shilingi 50 zile zile, safari hii kwa kazi ya kujaziwa kadi, tukashika njia ya kupanda Sachangwan tukimsikiliza mhadhiri akieleza mirathi.

Folda ya taarabu tuliiacha kwenye mashine. Si yangu kuifuta, na kijana hakuahidi kitu. Aliniuliza tu kama kuna mtu anayeweza kumlipa ili aiuze kwa haki. Tangu nirudi nimezungumza na wawili kati ya wazee wa kikundi waliobaki. Mmoja alicheka sana kusikia kwamba wanasikilizwa Salgaa. Wa pili aliuliza folda ina nyimbo ngapi, akaniambia ningoje achukue kalamu.