Zamu wa fishie habaki na fishie

Leo mutanivumilia kidogo: mimi mtu wa mahindi na chokaa, nitaongea historia ya ordinatere. Iko na sababu.

Mwaka wa kufunga lisansi, memwari yangu ilikuwa juu ya udongo wenye asidi upande wa Mutshatsha. Nilizunguka mashamba ya jamaa 38, nikaandika majina, namba za simu, ukubwa wa shamba na pointi za GPS. Mashine yangu ilikuwa na Ubuntu, na rafiki mmoja wa informatiki alinifundisha amri moja: chmod 600. Ukiiandika mbele ya fishie, mwenye fishie njo anaisoma na kuiandika, wengine wote hapana. Nikaifunga orodha, moyo ukatulia. Kisha nikatia kila kitu mu flashi, nikaiacha ku siberi usiku mzima ili wanichapishie memwari. Orodha ilikuwa mule mule. Nilijiambia: imefungwa, nani ataifungua?

Ile mashine ya siberi ilikuwa na Windows. Kwa yeye hakukuwa hata kufuli ya kuvunja.

Ili kuelewa kwa nini, lazima turudi miaka ya 1960. Wakati ule ordinatere moja ilijaza chumba na watu wengi waliitumia pamoja. Katikati ya miaka ile, MIT, General Electric na Bell Labs walianza mfumo mmoja mukubwa sana, Multics. Bell Labs ikajitoa 1969, na pale Ken Thompson, pamoja na Dennis Ritchie, wakaanza mfumo wao mdogo: Unix. Kitabu cha kwanza cha maelezo yake ni cha Novemba 1971, na chmod iko tayari mule ndani. Mwanzoni kulikuwa na mafungu mawili tu: mwenye fishie na wengine. Fungu la kikundi liliongezwa baadaye, njo tukapata zile tarakimu tatu. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha programu ni 1. Sita yangu ilikuwa 4 na 2 za mwenye mali, na sifuri mbili zilikuwa za dunia nzima.

Ona wazo lao: watu wengi, nyumba moja, basi kila mtu na mlango wake, na zamu mmoja anayejua nani ni nani. Ni kama kampi ya Gécamines. Linus Torvalds alipoanza Linux mwaka 1991, alichukua mpango ule ule, na Ubuntu ikaupokea 2004. (Jina hilo, ubuntu, bale wanaosema Kiluba wanalijua kama bumuntu. Lakini mimi siku ile utu wangu ulikuwa umelala.)

Upande wa pili, mwaka 1981, IBM inatoa ordinatere ya mtu mmoja ku meza moja, na DOS ya Microsoft ndani. Sasa zamu wa nini, kama uko peke yako nyumbani? Mpango wake wa kupanga fishie, FAT, ulijifunza kuandika kwamba fishie imefichwa, au ni ya kusoma tu. Nafasi ya kuandika fishie ni ya nani, hakuna. Si kwamba walisahau. Mashine ilikuwa ya mtu mmoja, na swali lenyewe halikuwepo.

Microsoft walilijibu baadaye. Mwaka 1988 walimchukua Dave Cutler kutoka kampuni ya Digital, na 1993 ikatoka Windows NT na mpango mpya, NTFS. Pale unaweza kuandika orodha ndefu: fulani asome, fulani aandike, fulani akatazwe kabisa. Kwa kweli ni mpana kuliko yale mafungu matatu ya Unix. Lakini Windows za nyumbani zilibaki na FAT mpaka XP ilipokuja 2001.

Na FAT haikufa. Ilikimbilia mu flashi zetu, kwa majina ya FAT32 na exFAT, juu kila chombo kinaielewa: Windows, Mac, Linux, televisheni, hata radio ya gari. Ni kama Kiswahili chetu cha soko: kila mtu anasikia, lakini kuna mambo hakibebi. Ukitoa fishie Linux ukaiweka mu flashi, maneno yake yanaenda, zamu anabaki nyuma. Kinachodanganya ni hiki: ukiangalia flashi ukiwa mu Linux, inakuonyesha ruhusa. Inajitungia tu, za namna moja kwa fishie zote. Andika chmod 600 juu yake, hakuna kinachobadilika.

Hata diski iliyopangwa kwa namna ya Linux haikuokoi. Yenyewe haiandiki jina lako, inaandika namba, na mtu wa kwanza ku kila Ubuntu anapewa 1000. Wazee wetu walikuwa na matrikile. Sasa fikiria kampuni mbili zimetoa matrikile moja kwa watu wawili. Chomeka diski kwa mwenzako, na yeye njo mwenye mali. Windows inatumia namba ndefu zisizofanana, lakini msimamizi wa mashine anaweza kujitwalia fishie akitaka.

Wiki tatu baada ya memwari, kampuni moja ilitangaza kuhesabu mashamba ya kule kwa ajili ya malipo, juu ya karieri mpya. Kabla ya siku ya hesabu, watu wawili wasiojulikana walifika kwa mama mmoja wa ile orodha. Walijua jina lake, walijua hektari zake mpaka nukta ya desimali, kama nilivyoandika mimi. Walimwambia watamtetea dosie yake, yeye awaachie nusu. Jirani zake wanne walipigiwa simu.

Siku hizi orodha ya watu naifunga kwa 7-Zip na neno la siri, maneno yenyewe yanageuzwa kuwa fujo, haijalishi yako ku mashine gani. Neno la siri silitumi pamoja na fishie. Na majina nayaweka mbali na pointi za GPS, hilo sikufundishwa na mtu wa informatiki.

Nilirudi kule kumwambia mama ukweli. Hakunitukana. Aliuliza kama jina lake lingali mule ndani ya flashi. Nikamwambia mu flashi yangu nimelifuta. Akauliza: na zile zingine?