Keke na Kerezo: Mashine za Mafundi wa Bagamoyo na Mrima

Mtu apitaye katika mitaa ya kale ya Bagamoyo aghalabu husimama mbele ya mlango wa nakshi akausifu mkono wa fundi. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ni nusu ya habari. Mkono ule uliandamana na mashine, tena mashine aliyoiunda fundi mwenyewe kwa mti, chuma na kamba. Ushahidi wake umo katika lugha.

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na mwaka 1870 kikachapishwa kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili. Humo alikitaja chombo cha kutobolea mbao, keke, pamoja na viungo vyake. Chuma chake ni kekee. Mti unaokishika chuma ni msukano. Mpini ambamo msukano huzunguka ni jivu. Na upindi unaouendesha ni uta. Kamba ya uta huviringishwa penye msukano. Fundi akiuvuta na kuusukuma uta, chuma huzunguka huku na huku, na mkono wa pili hulikandamiza jivu. Maneno haya aliyasikia Unguja, lakini Unguja na Bagamoyo zatazamana, na mafundi na mbao walivuka kwa jahazi. Chombo ambacho kila kiungo chake kina jina ni chombo cha watu waliokiunda, wakakivunja, wakakiunda tena, na wakahitaji kumfundisha mwanagenzi.

Kerezo ni ndugu wa keke, ila hapa kinachozungushwa ni mti unaofanyiwa kazi. Mti hushikwa ncha mbili. Fundi huketi chini, huvuta uta kwa mkono mmoja na kuiongoza patasi kwa mkono wa pili, huku akiitegemeza kwa mguu. Patasi hukata mti ukizunguka kumwelekea, ukirudi, haikati. Kamba ikilegea huteleza. Ikikazwa mno mti hukwama. Kipimo chake hakikuandikwa popote: kila fundi alikipata kwa kujaribu.

Ni lazima kupambanua. Nakshi ya mlango huchongwa kwa patasi na nyundo, si kwa kerezo. Kazi ya keke ilikuwa kutoboa tundu za misumari, mlangoni na katika majahazi, ubao usipasuke. Kerezo lilitoa matendegu ya vitanda, bakora na nguzo ndogo za roshani: sanaa ambayo uzuri wake ni ulinganifu wa duara.

Kwa upande wa sarufi, kukereza, kerezo na mkereza hufuata kanuni ileile ya Kibantu izaayo jina la kitendea kazi na la mtenda. Lakini neno mashine lilipoenea, wengi walilifungia maana ya kitu cha mafuta au umeme, na keke na kerezo vikaachwa nje. Basi historia ya sanaa ya pwani husimuliwa kana kwamba fundi hakuwa na chochote ila kisu.

Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliyahifadhi maneno haya, na keekee lingali katika kamusi za leo. Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu 1981, na waundaji wa vyombo vya baharini wangali wakifanya kazi Mrima. Yafaa maneno yakusanywe kwao pamoja na michoro ya viungo, maana jina likipotea, chombo kilichobaki hudhaniwa kuwa kipande cha mti tu.