Kiti cha Askofu Mkuu na Kaburi la Namirembe

Mtu apandaye kilima cha Namirembe hadi kwenye lile kanisa kuu la matofali mekundu, lililokamilika mwaka 1919, ataliona kaburi la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwezi Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, kabla hajajaaliwa kuufikia mji wa watu aliotumwa kuwachunga. Na kando ya kaburi hilo, mwezi Februari 1977, lilichimbwa jingine ambalo mwenyewe hakulazwa humo.

Cheo cha Askofu Mkuu hakikuwapo hadi 1961, kanisa la Uganda, Rwanda na Burundi lilipokuwa jimbo la kujitawala, Leslie Brown akiwa wa kwanza. Mwaka 1966 akaingia Erica Sabiti, Mwafrika wa kwanza, mtu wa Ankole. Na hapo likazuka jambo ambalo kwa maoni yangu halijapewa uzito unaolistahiki, maana Namirembe ilikuwa na askofu wake, na wengi katika wenyeji wa Buganda, ambao mwaka uo huo walimwona Kabaka wao akifukuzwa Mengo, hawakuwa radhi kumpisha mtu wa kutoka magharibi, hata mkuu wa kanisa zima akawa na makao yake Fort Portal, mbali na mji mkuu. Faraja ilipatikana 1972, ilipoundwa Dayosisi ya Kampala, na kanisa la Watakatifu Wote, Nakasero, likawa kiti chake.

Janani Luwum, Mwacholi, alimrithi 1974. Tarehe 5 Februari 1977, usiku wa manane, askari waliivamia nyumba yake wakidai kutafuta silaha. Maaskofu wakamwandikia Idi Amin barua ya kulalamika. Na tarehe 16 wakaitwa, wenzake wakaamriwa waende zao, yeye akazuiliwa. Serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na maiti yake, badala ya kukabidhiwa kanisa, ikapelekwa kuzikwa kijijini kwao Mucwini.

Jumapili ya tarehe 20 umma wa maelfu ulijaa Namirembe, kaburi likiwa wazi kando ya lile la Hannington, bila ya jeneza la kuteremshwa. Na aliyewakumbusha waumini habari ya kaburi jingine lililokutwa tupu, alfajiri ya Pasaka, alikuwa ni Sabiti, mzee mstaafu, aliyekuwa Askofu Mkuu miaka kadha wa kadha asipate kiti juu ya kilima kile.