Vi, malori ya Tunduma na watoto wa Kibaale

Nilipotea kidogo hapa kibarazani, niwieni radhi wasomaji wangu. Mitihani, halafu field, halafu laptop ikagoma kuchaji. Sasa nimerudi chuoni. Niko kitandani hosteli, umeme umekatika tangu saa moja na betri inaonyesha asilimia 41. Chumbani tuko wanne, wote tunasoma kompyuta, na tangu jana ubishi ni ule ule: nani anaandika programu kwa VS Code na nani bado anahangaika na skrini nyeusi yenye maandishi matupu. Mimi wananiita bibi kizee, maana siku hizi nafungua Vim. Nimeona badala ya kubishana nao gizani niandike, kwa sababu ubishi huu una historia ndefu, na kipande chake kimoja kimenigusa mahali nisipotegemea.

Nianze na field. Nilifanyia nyumbani, Tunduma, kwenye ofisi ndogo ya wakala wa forodha. Kwa wasiopajua, Tunduma ni mpakani kabisa, mkoa wa Songwe. Ng'ambo ni Nakonde ya Zambia, na barabara kuu ni ya malori yanayokwenda Lusaka na Kongo. Kile kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa 2019, lakini foleni Tunduma ni kama hali ya hewa, kila mtu ana lake la kusema. Ofisi yetu ilikuwa na programu yake ndogo ya kupanga makaratasi ya madereva, na programu hiyo ilikaa kwenye seva ya kukodi, huko mbali. Ijumaa moja jioni ikagoma. Madereva wamejaa dirishani, na mimi ndiye "mtaalamu kutoka chuo".

Nikafungua VS Code kwa kujiamini, nikaiambia iunganike na seva. Sasa ili ifanye kazi kwa mbali, VS Code huweka kwanza kipande chake kwenye ile seva, na si kipande kidogo. Mtandao wetu siku hiyo ulikuwa wa kudonoadonoa. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, mtandao ukakata. Nikajaribu tena. Dereva mmoja akaniuliza, "Dada, hiyo unachemsha maharage?"

Kaka anayetunza kompyuta za pale ofisini akavuta kiti. Akaingia kwenye seva kwa ile skrini nyeusi, akaandika herufi mbili, vi, na jina la faili. Likafunguka. Akashuka mistari kadhaa, akasahihisha jina la folda iliyokuwa imehamishwa, akahifadhi, akatoka. Hata dakika tatu hazikuisha. Hakunicheka. Aliniambia tu, "Mdogo wangu, hii ilitengenezwa kwa mtandao kama huu." Nilidhani ananitania, kumbe ni kweli tupu.

Mwanzoni hata skrini haikuwepo. Mwaka 1969 Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, aliandika kihariri kinachoitwa ed. Ulikitumia kwenye mashine kama ya taipu, inayochapa kwenye karatasi. Faili lako hulioni. Unaagiza mstari wa kumi, unachapiwa mstari wa kumi. Ukikosea kinakujibu kwa alama ya kuuliza, basi, ujijue mwenyewe. London, kwenye chuo cha Queen Mary, George Coulouris akaona haya ni mateso, akatengeneza em, akimaanisha kihariri cha binadamu wa kawaida. Mwaka 1976 alifika Berkeley, California, na mwanafunzi mmoja pale, Bill Joy, akakiona. Yeye na mwenzake Chuck Haley wakaanza kukichokonoa, na kutokana na kazi hiyo Joy akafika kwenye vi.

Na hapa ndipo wenzangu wa chumbani wanapaswa kunisikiliza. Vi ni kifupisho cha neno la Kiingereza lenye maana ya kuonekana kwa macho. Yaani hiki tunachokiita kizee ndicho kilikuwa cha kisasa, kihariri cha macho! Unaona ukurasa mzima na unatembea ndani yake. Sitashangaa kama kuna mzee wa ed aliyenung'unika kwamba vijana wamedekezwa.

Joy alikuwa akifanya kazi nyumbani kwake kwa modemu ya baud 300, ambayo hupitisha herufi kama 30 kwa sekunde. Pigeni hesabu: skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja ni herufi 1,920, yaani zaidi ya dakika nzima kuijaza mara moja. Mtu wa hali hiyo hawezi kuchezea kitufe. Ndiyo maana x inafuta herufi, dd inafuta mstari mzima, na u inarudisha ulichoharibu. Na wale wanaouliza kwa nini vi hutembea kwa h, j, k na l: kibodi ya ADM-3A aliyotumia ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya herufi hizo hizo. Esc nayo ilikuwa jirani na Q, si huko kona ya mbali tunakoitafuta leo kwa kidole kidogo. Hakuna ushirikina wowote, ni fundi aliyetumia alichokuwa nacho mezani.

Sisi tulikuwa wapi? Mwaka huo huo wa 1976 ndio reli ya TAZARA ilikabidhiwa, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na inapita pale Tunduma. Kompyuta lakini hapana. Serikali ilikuwa na yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, mambo hayakwenda vizuri, na 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Marufuku ikadumu hadi miaka ya 80. Kwa hiyo ile vita maarufu ya vi na Emacs (Emacs nayo ilizaliwa MIT mwaka 1976) ilipoanza, sisi hatukuwa na hata pa kukaa tutazame. Tuliingia baadaye, mlango wa nyuma: Turbo Pascal, Visual Basic, kisha nyaya za SEACOM zikafika Dar 2009, na 2015 Microsoft wakatoa VS Code bure.

Sitaki kuwa mnafiki. Java nimejifunza kwa VS Code. Inakupigia mstari mwekundu kabla hujaabika mbele ya mwalimu, inakumalizia majina marefu, inakuwezesha kusimamisha programu katikati na kuchungulia ndani. Katika utafiti wa Stack Overflow wa 2023, zaidi ya asilimia 70 ya waliojibu walisema wanaitumia, na watu wote hao si wajinga. Shida yake ni uzito: ndani yake imebeba karibu kivinjari kizima, na laptop ya mwanafunzi yenye RAM ya GB 4 inapumua kama lori linalopanda Mlima Nyoka. Vim nayo ina aibu zake. Mwaka 2017 Stack Overflow walitangaza kwamba watu zaidi ya milioni moja wamefungua swali la namna ya kutoka kwenye Vim. Mimi niliongeza hesabu baadaye.

Sasa kile kipande nilichosema. Baada ya ile Ijumaa niliweka Vim kwenye laptop, nikaifungua bila faili lolote. Katikati ya skrini kukatokea maneno ya kuomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda. Nikadhani utapeli, nikataka kuifuta. Nikafuata maelezo yake.

Vim ni vi iliyoboreshwa na Mholanzi, Bram Moolenaar, aliyeanza 1988 kwenye kompyuta yake ya Amiga na kuitoa kwa watu 1991. Mwaka 1994 alikwenda kufanya kazi ya maji na usafi Kibaale, mji mdogo wa Rakai, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania (si ile wilaya ya Kibaale ya Bunyoro). Alikaa mwaka mmoja. Aliwakuta watoto yatima wa UKIMWI. Aliporudi kwao aliamua Vim iendelee kuwa bure, ila anayeipenda aombwe kuchangia kituo cha watoto cha Kibaale: shule, chakula, matibabu. Miaka karibu thelathini aliendelea hivyo hivyo, hadi alipofariki Agosti 2023 akiwa na miaka 62. Toleo la 9.1, la Januari 2024, wenzake walilitoa kwa kumbukumbu yake.

Rakai ndiko ugonjwa ulipoonekana mapema kabisa Uganda, 1982, na mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza wa Tanzania wakatambuliwa Kagera, ng'ambo tu ya mpaka. Halafu ukafuata barabara. Mtu wa Tunduma hahitaji kuelezwa barabara ya malori inabeba nini zaidi ya mzigo. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu. Mama mkubwa amenilea mimi na binamu zangu wawili, na mpaka leo nyumbani hakuna anayeutaja ule ugonjwa kwa jina lake. Basi niko peke yangu saa sita usiku, natafuta namna ya kufuta mistari mitatu kwa mkupuo, nasoma juu ya watoto kama sisi, ada zao zimelipwa na watu ambao sehemu kubwa hawajawahi kukanyaga Uganda, kwa sababu tu walipenda kihariri. Sikuifuta. Ila ile kazi ya Java naimalizia kwa VS Code, wenzangu wasije wakasema nimeokoka.

Juzi nilimsimulia mama mkubwa kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa huyo mzungu alikuwa fundi wa maji au wa kompyuta?" Nikamwambia vyote viwili. Akanyamaza kidogo. "Basi angepita na huku Tunduma. Ndoo tunanunua mpaka leo."

Betri asilimia 9. Alamsiki.