Chama Kilichokufa Kikafufuka

Twapenda kuwasimulia habari za Newport County, chama cha mpira wa miguu kilichoanzishwa mwaka 1912 katika mji wa Newport, nchi ya Wales. Mwaka 1980 kilitwaa Kombe la Wales, na mwaka 1981 kikafika robo fainali ya mashindano ya Ulaya. Lakini sifa hailipi deni. Mwaka 1988 kikashuka kutoka Football League, na mwezi wa Februari 1989, kabla ya msimu kwisha, kikavunjwa kwa madeni.

Je, wapenzi wake walifanya nini? Kuhamia chama kingine kulikuwa rahisi. Badala yake, mwezi wa Juni mwaka ule ule, watu wapatao 400 waliungana wakaanzisha chama kipya. Kiwanja hawakuwa nacho, hata msimu wa kwanza wakachezea Moreton-in-Marsh, huko England, zaidi ya maili 50 kutoka kwao. Ndipo wakaitwa Wahamishwa. Walianza katika ligi ya chini, wakatwaa ubingwa wake.

Hata hivyo safari ilikuwa ndefu. Mwaka 2013, huko Wembley, wakaifunga Wrexham mabao 2 kwa 0, wakarudi Football League baada ya miaka 25. Mwaka 2015 wapenzi wenyewe wakakitwaa chama mikononi mwao.

Nasi tuonavyo, daftari ya fedha ikipuuzwa, chama huweza kufa hata kikiwa na vikombe. Lakini wakiwapo watu walio tayari kutembea mbali kwa ajili yake, huweza kufufuka.